UZI: Vitamini D iko chini, inflamesheni iko juu. Kipi kilitangulia?

#1 Mpima Damu

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu.

Mimi ni mtu wa maabara. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitoa karatasi za majibu zenye mistari miwili inayopenda kufuatana: mmoja unaonyesha kwamba vitamini D ya mtu mzima iko chini, na mwingine unaonyesha kwamba CRP yake iko juu. Anayeipokea karatasi huiunganisha mistari hiyo papo hapo kwa neno moja, "kwa sababu". Mwili unawaka kwa sababu vitamini D imepungua, basi nikimeza vidonge moto utazimika. Nimeanzisha uzi huu kwa ajili ya neno hilo, maana huwa linaandikwa kabla mtu hajajiuliza kama sababu na matokeo havijabadilishana viti.

Tuanze na maneno yenyewe. Inflamesheni ni ule mwitikio wa mfumo wa kinga ambao kwenye kidonda tunauona kwa macho: wekundu, joto, uvimbe na maumivu. Unapoenea mwili mzima kwa kiwango cha chini hauonekani, kwa hiyo tunautafuta kupitia alama zake katika damu. Alama inayotumika zaidi ni CRP, protini iliyogunduliwa mwaka 1930 katika damu ya wagonjwa wa nimonia, ambayo ini huitengeneza likipokea amri ya kemikali iitwayo interlukini-6. Chini ya miligramu 1 kwa lita ni tulivu, kati ya 1 na 3 ni wastani, na ikizidi 10 kwa kawaida kuna maambukizi, jeraha au ugonjwa unaoendelea. Chanzo kikiondoka, CRP hupungua kwa nusu kila baada ya saa 19 hivi, kwa hiyo inapanda haraka na kushuka haraka.

Vitamini D ina mwendo tofauti kabisa. Ngozi huitengeneza kutokana na aina ya kolesteroli inapopigwa na mionzi ya urujuanimno, kiasi kingine huingia kwa chakula, kisha ini huigeuza kuwa umbo la akiba. Umbo hilo la akiba ndilo tunalolipima, na nusu yake huchukua wiki mbili hadi tatu kutoweka katika damu. Figo ndizo zinazoligeuza kuwa homoni kamili inayofanya kazi, lakini homoni hiyo hatuipimi isipokuwa kwa sababu maalumu, kwa kuwa mwili huishikilia isishuke hata akiba inapokaribia kwisha.

Uhusiano na inflamesheni unaanzia kwenye jambo ambalo vitabu vya zamani havikuwa nalo. Si figo peke yake zinazoweza kutengeneza homoni hiyo. Makrofaji, yaani zile seli za kinga zinazomeza vijidudu, zina ndani yake kimeng'enya kile kile ambacho figo hukitumia kuitengeneza, na zina kipokezi cha vitamini D. Mwaka 2006 watafiti walionyesha kwamba makrofaji za binadamu zikigusana na mabaki ya bakteria wa kifua kikuu huwasha kimeng'enya hicho, hutengeneza homoni papo hapo kutoka kwenye akiba iliyopo, na kwa msaada wake huzalisha kathelisidini, ambayo ni silaha ya kuua bakteria. Homoni hiyo hiyo, katika seli zilizooteshwa maabara, hupunguza utoaji wa interlukini-6 na wa TNF, ambazo huchochea inflamesheni, na huongeza interlukini-10, ambayo huituliza. Kwa hiyo wanaosema kwamba vitamini D inatuliza inflamesheni hawakuiokota hoja hiyo njiani. Ina msingi.

Tatizo ni kwamba seli iliyo katika chombo cha kioo haina ini, haina mafuta ya tumboni, haina umri, wala haijalazwa. Mtu anavyo vyote hivyo. Mnene kupita kiasi ana vitamini D ya chini kwa kuwa vitamini hii huyeyuka katika mafuta na kusambaa katika mwili mkubwa, na wakati huo huo ana CRP ya juu kwa kuwa mafuta ya tumboni yenyewe hutoa interlukini-6. Mgonjwa wa muda mrefu hatoki nje, kwa hiyo hapati jua, na ugonjwa wake ndio unaopandisha CRP. Ukiwapima watu wa namna hiyo elfu moja utapata uhusiano mzuri sana kati ya namba mbili ambazo huenda hazijawahi kuathiriana.

Tena kuna njia ya tatu, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike: inflamesheni yenyewe inaweza kuishusha vitamini D. Nitaieleza kama kuna anayetaka kuisikia.

#2 Goti la Kushoto

Ndugu Mpima Damu, mimi nataka kuisikia, kwa kuwa inaelekea unaizungumzia karatasi yangu. Nilibadilishiwa goti wiki tatu zilizopita. Siku ya pili baada ya upasuaji nilitolewa damu, na majibu yakaja hivi: vitamini D nanogramu 13 kwa mililita, CRP 142. Nikaandikiwa vidonge vya dozi kubwa, na nikaambiwa kwamba upungufu huo ndio unaolifanya goti lisitulie. Sikuuliza swali lolote, maana mtu aliyelala chali na mrija mkononi huwa hana maswali. Vidonge bado sijavifungua. Je, nilikuwa na upungufu kabla ya kisu, au kisu ndicho kilichoniletea?

#3 Mpima Damu

Pole na goti, ndugu. Swali lako ndilo uzi wenyewe.

Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti mdogo lakini wenye faida kubwa, uliowafuatilia wagonjwa 33 waliobadilishiwa goti kwa miadi, si kwa ajali. Damu yao ilichukuliwa kabla ya upasuaji na mara kadhaa baada yake. Kufikia siku ya pili CRP ilikuwa imepanda sana, na vitamini D ya akiba ilikuwa imeshuka kwa takriban 40%. Hakuna mlo wala kukosa jua kunakoweza kuishusha vitamini hii namna hiyo kwa siku mbili, ukikumbuka kwamba nusu yake huhitaji wiki kadhaa kutoweka. Kilichobadilika ni mwili wenyewe kuingia katika hali ya dharura.

Nieleze ninavyokiona mezani kwangu. Damu huachwa igande, kisha huzungushwa katika mashine mpaka chembe nyekundu zikae chini na yabaki juu maji ya rangi ya manjano hafifu. Ndani ya maji hayo vitamini D haielei yenyewe. Karibu yote imebebwa mgongoni mwa protini, hasa protini yake maalumu na kwa kiasi kidogo albumini. Inflamesheni kali inapoanza, ini huacha kazi za kawaida na kujikita katika kutengeneza protini za dharura kama CRP, huku protini za kubeba mizigo zikipungua. Mishipa midogo nayo hulegea na kuvujisha maji pamoja na protini zake kwenda kwenye tishu. Abiria akikosa gari, haonekani kituoni. Katika utafiti ule, hata hivyo, protini ya kubeba ilipungua kidogo kuliko vitamini yenyewe, kwa hiyo kuvuja na kukosa gari hakuelezi kila kitu.

Wataalamu wa maabara wanalijua jambo hili kwa vipimo vingine. Hatupimi akiba ya madini ya chuma ya mtu mwenye homa kali kisha tukayaamini majibu kama yalivyo, kwa kuwa feritini, protini tunayoitumia kuipima akiba hiyo, hupandishwa na inflamesheni. Kwa vitamini D tahadhari hiyo haijazoeleka, sijui kwa nini, labda kwa sababu kipimo chake kilipata umaarufu haraka kuliko maelezo yake.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba ile 13 haiwezi kusomwa kama 13 ya mtu mwenye afya. Huenda ulikuwa na upungufu kabla, lakini karatasi yako haiwezi kutenganisha upungufu wa zamani na kivuli cha upasuaji. Muulize daktari wako kama inafaa kurudia kipimo goti likishapoa. Usiharakishe pia, maana kwa wagonjwa wale kiwango kilikuwa bado chini ya pale kilipoanzia hata baada ya miezi mitatu.

#4 Takwimu Tupu

Ndugu mwandishi, naheshimu maelezo yako, ila naona umeinamisha mizani upande mmoja. Upasuaji ni tukio la ghafla. Watu wengi tunaowajadili hawajapasuliwa. Wana CRP ya 3 au 4 inayokaa hapo mwaka hadi mwaka, na kwa watu hao kivuli chako hakitoshi.

Mwaka 2022 ulitoka uchambuzi uliotumia vinasaba vya watu 294,970 kutoka hazina ya taarifa za afya ya Uingereza iitwayo UK Biobank. Mantiki yake ni nzuri. Kuna watu waliozaliwa na vinasaba vinavyowapa vitamini D ya chini kidogo maisha yao yote, na vinasaba havibadilishwi na unene, ugonjwa wala kukaa ndani. Ikiwa watu hao wana CRP ya juu zaidi, basi mshale unatoka kwenye vitamini D kwenda kwenye inflamesheni. Ndivyo ilivyoonekana. Walipogeuza swali, wakaangalia kama vinasaba vinavyopandisha CRP vinashusha vitamini D, hawakukuta ushahidi. Hilo unalijibuje?

#5 Mpima Damu

Ninalijibu kwa kukubali sehemu kubwa, na nashukuru umeleta utafiti badala ya kauli.

Ila tuutazame umbo la ule mstari. Haukuwa mstari ulionyooka unaosema kadiri vitamini inavyopanda ndivyo inflamesheni inavyoshuka. Ulifanana na herufi L: CRP ilikuwa juu kwa wenye upungufu mkali, ikashuka kadiri kiwango kilivyokaribia nanomoli 50 kwa lita, ambazo ni sawa na nanogramu 20 kwa mililita, na baada ya hapo ukalala. Uchambuzi wa mwaka 2012 wa watu wazima zaidi ya 15,000 wa Marekani wasio na dalili za ugonjwa, kwa njia tofauti kabisa, ulikuta kona karibu mahali hapo hapo, nanogramu 21. Juu ya hapo CRP haikushuka tena, bali iliongezeka kidogo. Njia mbili zisizofanana zikikutana kwenye kona moja, mimi naanza kuamini kwamba kona ipo.

Kuhusu mshale wa kurudi, sioni mgongano. Vinasaba hupima tofauti ndogo ya CRP inayodumu maisha yote, na hiyo huenda kweli haigusi vitamini D. Upasuaji, nimonia au homa kali ni mwili mzima kubadili zamu kwa siku chache, na hapo vitamini D hushuka mbele ya macho yetu. Maswali ni mawili, na kila utafiti umejibu lake. Kosa nililolifanya katika andiko la kwanza ni kuyachanganya.

#6 Mwanafunzi wa Tiba

Naomba kuuliza. Kama mshale unatoka vitamini D kwenda CRP, kwa nini majaribio makubwa ya vidonge hayakuonyesha faida? Tunafundishwa kwamba jaribio la kugawa washiriki kwa kura, nusu wapewe dawa na nusu vidonge visivyo na dawa, ndilo hakimu wa mwisho.

#7 Mpima Damu

Hakimu wa mwisho naye huhukumu kesi iliyofikishwa mbele yake tu.

Jaribio linalotajwa zaidi ni VITAL la Marekani. Liliwachukua watu 25,871, wanaume kuanzia miaka 50 na wanawake kuanzia miaka 55, nusu yao wakapewa yuniti 2,000 za vitamini D kila siku kwa muda wa kati wa miaka 5.3. Matokeo makuu hayakuonyesha kupungua kwa saratani wala kwa shambulio la moyo na kiharusi. Lakini tazama walioingia: wastani wa vitamini D yao kabla ya kidonge cha kwanza ulikuwa karibu nanogramu 31 kwa mililita. Walikuwa tayari wameshaipita ile kona ya herufi L. Kumpa maji mtu asiye na kiu kisha kushangaa kwamba hakuburudika si kosa la maji.

Hata hivyo, ndani ya jaribio hilo kuna mambo mawili yasiyopaswa kupitwa. La kwanza ni kwamba katika kundi dogo lililopimwa alama za inflamesheni, CRP ilikuwa chini kwa 19% kwa waliopewa vitamini D baada ya miaka 2, lakini baada ya miaka 4 tofauti hiyo haikuthibitika tena. La pili, lililochapishwa mwaka 2022, ni kwamba magonjwa ambayo kinga hushambulia mwili wenyewe, kama vile baridi yabisi ya kingamwili na soriasisi ya ngozi, yalipungua kwa 22%. Kwangu mimi hili la pili lina uzito kuliko lile la CRP, kwa kuwa mtu haumwi CRP, anaumwa viungo. Lakini nakiri kwamba mpaka wa chini wa makisio hayo ulikaribia sana kutokuwa na faida yoyote, kwa hiyo sitaliapia.

Jambo jingine utakalolikuta wodini: wanene huitikia kidonge kidogo kuliko wembamba. Kidonge kile kile, dozi ile ile, lakini kiwango katika damu yao hakipandi sana kama kwa wembamba. Ukimpima mgonjwa wa namna hiyo baada ya miezi mitatu usimtuhumu haraka kwamba hakumeza.

#8 Mama Wawili

Mimi si mtaalamu, nasoma tu. Mnasema kona iko kwenye 20. Mwenzangu kazini ameshauriwa mtandaoni ajipandishe mpaka 100 ili "azime inflamesheni kabisa", naye anameza yuniti 50,000 kwa mkupuo. Nimwambie nini?

#9 Mpima Damu

Mwambie asimame kwanza, kisha amwone daktari apimwe kalsiamu.

Vitamini D ya ziada haitoki kwa mkojo kama vitamini C; inakaa katika mafuta. Ikizidi sana hupandisha kalsiamu katika damu, na dalili zake huanza kinyonge kiasi cha kumpoteza mtu: kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara, kichefuchefu, choo kigumu, uchovu, baadaye kuchanganyikiwa na figo kuumia. Kiwango cha juu kinachokubalika kwa mtu mzima anayejimezea bila usimamizi ni yuniti 4,000 kwa siku, ambazo ni mikrogramu 100. Daktari anaweza kuandika zaidi ya hapo kwa muda maalumu, akiwa na sababu na akifuatilia.

Na mikupuo ina historia mbaya. Mwaka 2010 ilichapishwa taarifa ya jaribio la Australia ambamo wanawake wazee 2,256 waligawanywa, na kundi moja likapewa yuniti 500,000 kwa mara moja kila mwaka, kwa nia njema ya kulinda mifupa. Waliopewa vitamini ndio walioanguka zaidi na kuvunjika zaidi.

Kuna kundi moja ambalo kwake ushauri wa mtandaoni ni hatari hasa, na hapa duara linafungwa kwa namna ya ajabu. Nilisema makrofaji zinaweza kutengeneza homoni kamili zenyewe. Figo zina breki; kalsiamu ikitosha zinaacha. Makrofaji hazina breki hiyo. Katika ugonjwa wa sakoidosisi, na wakati mwingine katika kifua kikuu, vinundu vya seli hizo hutengeneza homoni bila kikomo, na kalsiamu ya mgonjwa inaweza kupanda hata wakati kipimo chetu cha kawaida kinaonyesha akiba iko chini. Mtu huyo ana inflamesheni, ana vitamini D "iliyopungua" kwenye karatasi, na kumpa dozi kubwa ni kumwagia mafuta motoni. Neno "kwa sababu" likiwekwa vibaya kwake, linampeleka wodini.

#10 Takwimu Tupu

Naongeza jambo moja kwa Mama Wawili. Ile 30 inayoandikwa kwenye karatasi nyingi kama mpaka wa utoshelevu ilitokana na mwongozo wa mwaka 2011 wa Endocrine Society, chama cha wataalamu wa homoni chenye makao Marekani. Mwaka 2024 chama hicho hicho kiliacha kuunga mkono mpaka huo, na kikashauri watu wazima wenye afya wasipimwe kama desturi tu. Karatasi za maabara zimechelewa kusikia.

#11 Mpima Damu

Zimechelewa, yangu ikiwemo. Nimeshaandika barua ndani ya kazi kuhusu hilo, na nimejibiwa kwamba fomu zilizochapishwa ziishe kwanza.

#12 Goti la Kushoto

Narudi baada ya miezi mitano, kwa kuwa niliahidi kimoyomoyo. Daktari alikubali nisubiri, nisimeze chochote, kisha nipimwe tena. Karatasi mpya inasema: vitamini D 19, CRP 2.

#13 Mpima Damu

Ahsante kwa kurudi, maana nyuzi nyingi hapa hufa kabla ya majibu ya pili.

Kama 19 ndiyo akiba yako ya kawaida, basi ile 13 ilikuwa imepunguzwa karibu theluthi moja na upasuaji. Na bado 19 iko chini kidogo ya kona, kwa hiyo aliyekuambia una upungufu hakukosea kabisa. Alikosea ukubwa wake, na akakosea alipolibebesha goti. Hapo dozi ndogo ya kila siku inatosha kujadiliwa na daktari, si ile ya mkupuo. Upime tena baada ya miezi mitatu, na usipime ukiwa na mafua. Goti lenyewe linaendeleaje?

#14 Goti la Kushoto

Linapanda ngazi. Lilianza mwezi wa tatu, na pakiti ya vidonge ilikuwa bado imefungwa kabatini.